Karema: gati limesimama, mgongo bado

Kutoka Kawajense, mjini Mpanda, hadi kwenye maji ya Ziwa Tanganyika ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Unaiacha Manispaa ya Mpanda nyuma yako, unafuata barabara ya Uvinza na Kigoma, na ukifika Kagwira unakunja kushoto. Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza: miombo, mashamba ya mahindi na pamba, vijiji vilivyoota juzi kandokando ya njia, kisha mteremko wa kuingia bonde la ziwa hadi Ikola, na mbele yake Karema. Kiangazi vumbi linamfunika dereva mpaka kope. Masika ni habari nyingine, maana lori lililobeba mchele linaweza kulala tumbo chini kwenye tope huku utingo akikata matawi ya kutupia chini ya matairi.

Mwisho wa njia hiyo kuna gati la kisasa. Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, ilianza kulijenga mwaka 2019 kwa gharama inayokaribia shilingi bilioni 48: ukuta wa kuzuia mawimbi, maghala, ofisi, jengo la abiria, na uchimbaji wa kina ili meli kubwa isogee mpaka ukingoni. Mtu aliyeizoea Karema ya mitumbwi na miembe ya misheni akilitazama gati lile anapata furaha ya haki. Mimi nimeipata. Lakini furaha hiyo isitufunge macho. Bandari ni sehemu ya mbele tu. Mji wa bandari hujengwa na mgongo wake, yaani njia, mashine, maghala na watu walioko nchi kavu. Mgongo wa Karema ni Mpanda, na kazi ya kuunganisha viwili hivyo imekuwa ikianzwa na kuachwa kwa karibu miaka 150.

Tuanze na 1879. Mwaka huo nahodha Mbelgiji, Ernest Cambier, alifika Karema kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo kilichokuwa mfukoni mwa Mfalme Leopold II, akajenga kituo chenye ngome. Leopold alitaka mnyororo wa vituo kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ndani ya Kongo, na Karema iwe kiungo cha ziwani. Tatizo lilikuwa lilelile la leo: mzigo utafikaje? Wapagazi walikuwa ghali, wengi walikufa njiani, na wengine waliitupa mizigo na kurudi kwao. Basi wakaletwa tembo wanne waliofundishwa kazi huko India. Waliteremshwa Msasani katikati ya 1879 chini ya uongozi wa Frederick Carter, wakaanza kupanda bara kwa miguu kupitia Mpwapwa na Tabora. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka uliofuata Carter mwenyewe aliuawa huko Mpimbwe, na mradi wa tembo ukafa pamoja naye. Wazee wa mikoa hii wangekwambia jambo ambalo Brussels hawakuliuliza: njia ndefu hivyo haishindwi kwa mnyama mwenye nguvu, inashindwa kwa maelewano na wenye nchi unazopita.

Mwaka 1880 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipita Karema akashangaa nani aliwachagulia Wabelgiji mahali pale. Aliona kinamasi, maji ya kina kifupi, na pwani iliyo wazi kwa upepo, pasipo ghuba ya kuhifadhi chombo. Maneno yake yalikuwa makali, ila jicho lake halikumdanganya. Kinga dhidi ya mawimbi na kina cha maji ndivyo hasa wahandisi wa karne hii wamelazimika kuvitengeneza kwa mawe na mashine.

Kisha maji yenyewe yakaondoka. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo, palipo na Kalemie leo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, na ziwa likawa linapanda. Msafiri Stanley alipolizunguka mwaka 1876 alikuta miti imesimama ndani ya maji. Mwishoni mwa muongo ule kizuizi kikapasuka. Maji yakaanza kukimbilia magharibi kwa nguvu, na hadi kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Karema, ambako pwani ni tambarare, mita chache za kushuka zina maana ya mwendo mrefu wa kutembea. Ngome iliyojengwa jirani na maji ikabaki nchi kavu, ikiwa mbali na mawimbi iliyokusudiwa kuyatazama. Hadithi hii nitairudia, kwa sababu sijaona wapangaji wetu wakiipa uzito inaostahili.

Baada ya mkutano wa Berlin pwani hii iliangukia upande wa Wajerumani, na mwaka 1885 Wabelgiji wakaikabidhi Karema kwa Wamisionari wa Afrika, wale ambao wengi tunawaita Mapadri Weupe. Ngome ikawa misheni. Askofu Adolphe Lechaptois aliishi hapo akiongoza kanisa la eneo kubwa mno, hadi alipofariki mwaka 1917, na baadaye, kwa miaka mingi, jimbo zima lililofika mpaka Ufipa liliitwa kwa jina la kijiji hiki. Kuta nene za matofali zingali zinamshangaza mgeni anayetarajia kijiji cha wavuvi tu.

Kati ya wote walioishi ndani ya kuta hizo, ninayemheshimu kuliko wengine ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa Sahara. Wamisionari walimkomboa wakamlea Algeria, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akaletwa Karema akiwa daktari na katekista, kijana asiyejua hata lugha moja ya huku. Hakuondoka tena. Alitibu vidonda, macho na homa, alizalisha, alipasua, alifundisha, akaoa hapahapa, akazeeka hapahapa, mpaka kifo chake mwaka 1956. Hesabu miaka: ni zaidi ya 65 ya utumishi mahali pamoja. Alimpokea mgonjwa wa kwanza ngome ya Cambier ikiwa bado mpya, na alipofunga macho Tanganyika ilikuwa imebakiza miaka mitano ipate uhuru. Tunapowapa vijana wa mkoa huu mifano ya watu waliojenga Katavi, jina la mtumwa huyu aliyekombolewa akawa tabibu lingepaswa kuwa la kwanza mdomoni.

Kwa nini basi mahali penye historia nzito hivi pakabaki kijiji, na Kigoma ikawa mji? Jibu ni reli. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kigoma ina ghuba ya asili, na maji yake ni ya kina mpaka ukingoni. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikavunjwavunjwa na kusafirishwa kwa vipande, iliunganishwa upya huko na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiinua 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua sote, Liemba. Kila kitu chenye mashine kilikwenda Kigoma. Karema ikapata honi tu.

Nasema honi kwa sababu kwa miaka ile yote Liemba haikugusa nchi kavu huku. Ilitia nanga mbali, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka kuikimbilia. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa. Hapo katikati ya mawimbi mama alimpokeza mtu asiyemjua mtoto wake, akaruka, akapokea mtoto, kisha akapokea furushi. Magunia ya dagaa yalipanda kwa kamba huku mengine yakishuka, mbuzi wakilia, makuli wa mitumbwi wakibishana nauli, taa za meli zikicheza juu ya maji meusi. Aliyekosea hatua aliangukia ziwani, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, la pili duniani baada ya Baikal. Mwaka 2018 Liemba ilisimama ikisubiri ukarabati mkubwa. Jengo la abiria lililopo Karema sasa, lenye paa na viti, ni heshima waliyocheleweshewa akina mama wale.

Hoja ya kiuchumi ya gati hili inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa foleni Tunduma. Mzigo wa Kongo ya mashariki na wa Katanga hutoka Dar es Salaam, unapita Tunduma, unaikata Zambia, unaingilia Kasumbalesa. Ni njia ndefu yenye mipaka miwili. Ukipita Tabora na Mpanda hadi Karema, unavuka maji na kushukia moja kwa moja Kongo: Moba iko karibu upande wa pili, Kalemie juu kidogo kuelekea kaskazini. Mpaka ni mmoja, na ni maji. Na Kongo ya ziwani haihitaji makontena ya kutoka China peke yake. Inahitaji unga, mchele, mafuta ya kula, sabuni, saruji na mabati. Mchele upo Mwamkulu na Kakese, mahindi yapo kila wilaya, alizeti na karanga vilevile.

Hapo ndipo Mpanda inapoingia, na ndipo ninapotaka wenzangu wa Kawajense waisikilize habari ya Karema kama habari ya kwao.

Mpanda ni mji uliozaliwa na mgodi. Kabla ya madini ya risasi kugunduliwa Mukwamba hapakuwa na sababu ya kuwa na mji mkubwa hapa. Kampuni ya Uruwira Minerals ilipoamua kuchimba madini hayo baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilitandika tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua, likavuka Mto Ugalla na mbuga zake za mafuriko hadi mlangoni mwa mgodi. Reli ilikuwa ya mgodi, wala haikukusudiwa mkulima. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kwa mahesabu ya kampuni, hadithi iliishia hapo. Lakini reli ilibaki, na ikabeba tumbaku, mahindi, asali, wanafunzi, wagonjwa waliopewa rufaa ya Tabora, na wakimbizi wa Burundi waliofunguliwa makazi ya Katumba na Mishamo baada ya 1972, ambao maelfu yao ni raia wenzetu leo. Mgodi uliochimbwa kwa miaka michache uliacha mji wa kudumu, kwa sababu tu uliacha njia.

Na mji unakua, pamoja na mkoa wake, kwa kasi inayotisha. Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikakuta 1,152,958. Watu hao wamekuja na ng'ombe, na majembe, na ujuzi. Mashine za kukoboa mpunga zinanguruma msimu mzima, makarasha yanasaga mawe ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mafundi wa kuchomelea wanatengeneza mageti, matela na vitanda pembeni ya barabara. Kwa miaka mingi kazi zote hizo zilitegemea umeme wa majenereta ya mafuta, wa kukatika saa usiyoitarajia. Njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilijengwa kuondoa adha hiyo. Lami ya Tabora–Koga–Mpanda nayo ipo, zaidi ya kilomita 340, na kuelekea Sumbawanga pia unakwenda kwa lami. Kwa maneno mengine, Mpanda imeshafungwa kamba na nchi nzima, isipokuwa na ziwa lake.

Kipande kilichobaki ni kile cha Kagwira, Ikola na Karema, kilomita 112. Kwa reli, mpango wa serikali wa Kaliua–Mpanda–Karema una kilomita 321, yaani kuifufua njia ya Mukwamba kwa kiwango kipya na kuisukuma hadi majini. Naamini barabara ndiyo ije kwanza, tena kabla ya maneno mengine yoyote kuhusu meli kubwa. Meli ya tani elfu kadhaa ikifunga Karema itahitaji malori mamia kuijaza au kuipokea. Malori hayo yakikwama Machi nzima, nahodha atarudi Kigoma na hatakuja tena. Wafanyabiashara wa mazao hawasubiri mara mbili.

Wapo wanaosema Karema iwe kama Kalemie. Nawaelewa, ila nawaomba waitazame Kalemie yote. Mji ule ulianza mwishoni mwa 1891 kama ngome ya Albertville. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikaufikia, bandari ikachimbwa, yakafuata makaa ya mawe ya Lukuga, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichosokota pamba ya Katanga, na saruji ya Kabimba. Katika miaka ya 1950 ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya viwanda kwenye pwani ya ziwa hili. Lakini kila kitu kilikuwa cha kampuni mbili tatu za Kibelgiji: reli, nyumba, hospitali, hata ajira ya fundi seremala. Uhuru ukaja na vurugu, waasi wa Simba wakauteka mji 1964, na vita vya miaka ya 1990 vikamaliza kilichobaki. Mashine za Filtisaf zikanyamaza, na mji mzima ukakosa mshahara kwa pamoja. Leo Kalemie ni makao makuu ya Mkoa wa Tanganyika wa Kongo, watu wake wanaongea Kiswahili kama sisi, wana mahitaji na wana fedha ya kununua. Hao ndio soko letu. Ila mfumo wa mji kutegemea mlango mmoja wa kiwanda tusiuchukue.

Karema tayari ina kiwanda chake, hata kama hakina ukuta. Ni dagaa. Jua likizama, vipe vinatoka: vyombo vya mbao vyenye boriti ndefu za kushikilia wavu, taa zikiwa zimefungwa pembeni. Zamani zilikuwa karabai; sasa nyingi ni za betri na sola, hazizimwi na upepo. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika nyumbani, kwa sababu dagaa hawaifuati taa mbinguni kukiwa na nuru. Giza likirudi wanafuata mwanga kwa maelfu, na migebuka wanawafuata dagaa. Alfajiri mwalo unajaa ndoo na sauti za bei. Kazi ya mvuvi inaishia hapo, ya wanawake inaanza: kumwaga, kutandaza, kugeuza, kufukuza kunguru, kuchungulia mawingu. Dagaa aliyekaushwa juu ya kichanja cha wavu ni msafi, anang'aa, na anapata bei. Aliyetandazwa chini anabeba mchanga, na mnunuzi wa Mpanda ataujua kwa jino la kwanza. Mvua ya nusu saa isiyotegemewa inaweza kugeuza mzigo wa usiku mzima kuwa chakula cha kuku.

Ningekuwa na shilingi ya kwanza ya kuwekeza Karema, ningeiweka hapo: vichanja vya kutosha, vikaushio vyenye paa la kupitisha jua, barafu kwa ajili ya samaki kama kuhe na migebuka, na karakana ya kuunda na kukarabati boti, maana maseremala wa vyombo wapo tayari na mbao ipo. Lakini dagaa nao wana mwisho. Mwaka 2024 nchi zinazomiliki ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi, na sisi tukafunga kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi ile mitatu ilibana sana nyumba za mwambao. Niliyaunga mkono mapumziko yale na bado nayaunga mkono, ila nasema waziwazi: familia inayoambiwa isivue lazima iwe na kazi nyingine ya kushika, na mji wa bandari unaofanya kazi kweli ndio ungeitoa. Kupakia, kushona magunia, kupima, kulinda ghala, kupika kwa mabaharia.

Hapo linakuja suala la ardhi, na ndilo linalonikosesha utulivu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu. Lakini ukingo upi? Ngome ya Cambier iliachwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda kwa kishindo. Na mwanzoni mwa muongo huu, kisha tena 2024, maji yamepanda yakaingia Bujumbura, Uvira, Kalemie na hata kwenye maeneo ya bandari ya Kigoma. Pwani ya Karema ni tambarare ileile aliyoilalamikia Thomson. Anayepima mita 60 kutoka mahali maji yalipolala Septemba hii anaweza kuwauzia watu kiwanja kitakachokuwa chini ya maji mtoto wao atakapofika darasa la saba.

Ardhi hiyo imeanza kutafutwa. Wenye fedha kutoka mbali wanajua barabara ya lami inafanya nini kwa bei ya kiwanja, na mkaushaji dagaa hana muda wa kuzungukia ofisi. Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, pale Majalila, ingefanya vyema kupima mapema maeneo matatu: la maghala na karakana, la mwalo na vichanja libaki mikononi mwa wanaolitumia, na la makazi, mbali na maji. Na kabla kiwanja cha kwanza hakijagawiwa, mpima ardhi aanze kwa kupigilia vigingi kwenye mstari wa juu kabisa ambao ziwa limewahi kuufikia.